Picha Mbili za Feltham: Kisa cha Msafara wa Mawimbi Uliokataa Kufika

Picha ya kwanza ilipigwa karibu na mashine. Migongo ya maji imepangana sawasawa, kilele baada ya kilele, kama matuta ya viazi yaliyolimwa na mtu asiye na haraka. Kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata ni mita 2.2, na kina cha tangi ni mita 7.6. Picha ya pili ilipigwa mita 60 mbele, kwenye tangi lile lile, na msafara ni ule ule. Matuta hayapo. Pana fujo: huku maji yamejikusanya kwa kishindo, kule yamelala karibu bapa, na ukionyeshwa picha hii peke yake utaapa kwamba imepigwa siku ya upepo.

Upepo haukuwepo. Tangi lilikuwa ndani ya jengo, katika Feltham, magharibi mwa London, ambapo Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza ilikuwa ikijaribia vielelezo vya meli. Waliohusika ni Brooke Benjamin, mtaalamu wa vimiminika wa Cambridge, na Jim Feir aliyefanya naye majaribio. Mwaka 1967 walichapisha katika Journal of Fluid Mechanics makala ambayo kichwa chake kinazungumzia kusambaratika kwa misafara ya mawimbi katika maji ya kina kirefu. Nitakifuata kisa hiki tangu kabla ya picha hizo hadi miaka ya karibuni, kwa sababu swali lililozaliwa pale lilichukua zaidi ya nusu karne kupata jibu ambalo mwanahisabati angelikubali bila kukunja uso.

Yeyote aliyefanya kazi maabara angeilaumu mashine kwanza. Kibao kinachosukuma maji kinatetemeka, mota haiko sawa, ukuta wa mwisho unarudisha mawimbi. Ni shutuma za haki, na mara nyingi ndizo za kweli. Benjamin na Feir walisema jambo gumu zaidi kulimeza: hata mashine ikiwa kamilifu, msafara ule usingefika. Kasoro iko ndani ya wimbi lenyewe. Lazima niseme pia kwamba katika jaribio la picha zile mashine ilitikiswa kidogo kwa makusudi, kwa namna ambayo nadharia ilitaja, ili mambo yatokee upesi. Bila kuitikisa, msafara huvunjika vilevile; hutaka mwendo mrefu kidogo tu.

Ili kuona kwa nini dai hilo lilikuwa zito, turudi miaka 120 nyuma. Mwaka 1847 George Gabriel Stokes alionyesha kwamba wimbi la maji lenye kimo cha kutosha halifuati ule mchoro laini wa sine tunaochora ubaoni. Kilele chake huchongoka, bonde lake hutandaa. Na kasi yake hutegemea kimo: likikua, huenda mbio zaidi kidogo. Hapo ndipo penye neno “lisilo la mstari”: ukizidisha kimo mara mbili hupati wimbi lile lile lililokuzwa, unapata wimbi la umbo jingine na mwendo mwingine. Stokes aliliandika wimbi lake kama jumla ndefu ya vipande, kila kipande kidogo kuliko kilichotangulia, bila kuthibitisha kwamba jumla hiyo ina mwisho wa maana. Kazi hiyo ilikamilishwa na Nekrasov nchini Urusi mwaka 1921 na Levi-Civita nchini Italia mwaka 1925. Tangu hapo hakuna aliyeweza kubisha kwamba wimbi la Stokes lipo: milinganyo ya maji inalikubali.

Lakini kukubaliwa na mlinganyo ni jambo moja, kudumu ni jingine. Chukua mchi, usimamishe wima juu ya sakafu kwa ile ncha yake ya mviringo. Hesabu inakubali kabisa: kuna mkao mmoja ambao mchi husimama bila kushikwa na mtu. Jaribu sasa. Hesabu haikudanganya. Ilijibu swali uliloliuliza, nawe hukuuliza nini kitatokea nzi akitua. Kwa zaidi ya karne moja wimbi la Stokes lilihesabiwa, likachorwa, likafundishwa, na karibu kila mtu akachukulia kwamba kwa kuwa lipo basi ni thabiti.

Nini hasa hutokea ndani ya maji? Kuna njia mbili za kulieleza, nami naanza na ile inayoonekana kwa macho. Fikiria msafara mrefu wa mawimbi sawa, ila mahali fulani katikati mawimbi machache yamezidi wenzao kimo kwa unywele tu. Kwa kuwa wimbi kubwa huenda kasi, hayo machache huanza kuyasogelea yaliyo mbele, na nafasi kati ya vilele upande wa mbele hubanwa. Upande wa nyuma huachwa, nafasi hutanuka. Sasa ingiza kanuni ya pili, ya maji ya kina kirefu: nishati haisafiri pamoja na vilele, husafiri kwa nusu ya kasi yao, na mawimbi marefu hubeba nishati haraka kuliko mafupi. Mbele mawimbi yamefupishwa, kwa hiyo nishati ya mbele inapunguza mwendo. Nyuma yamerefushwa, kwa hiyo nishati ya nyuma inaongeza mwendo. Ya mbele inangoja, ya nyuma inawahi, na zote zinakutana katikati, pale pale palipokuwa pamezidi. Pakizidi zaidi, tunaanza upya.

Njia ya pili ndiyo ya Benjamin na Feir wenyewe. Aliyewahi kukaa karibu na mpiga ganuni anapotengeneza nyuzi anajua kwamba nyuzi mbili zilizokaribiana sauti bila kulingana hutoa mawimbiwimbi, sauti ikipanda na kushuka polepole. Msafara uliotikisika kidogo ni hivyo hivyo: ni wimbi kuu pamoja na majirani wawili hafifu, mmoja mwenye mapigo ya haraka kidogo, mwingine ya polepole kidogo, kila mmoja akiwa umbali sawa na wimbi kuu. Ukijumlisha mapigo ya majirani hao wawili unapata mara mbili ya mapigo ya wimbi kuu. Usawa huo ndio mlango wa wizi. Wimbi kuu hukutana na nafsi yake mara mbili na kuwagawia majirani. Kwa kawaida wangepishana haraka, kwani urefu wao hauoani sawasawa, na wasingepata kitu cha maana. Ila ile kasi ya ziada ambayo Stokes aliigundua, inayotokana na kimo, huziba tofauti hiyo na kuwaacha wakae pamoja muda wa kutosha kuchota.

Sasa hesabu, ambayo ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Chukua kimo cha wimbi kutoka bondeni hadi kileleni, ukigawe kwa urefu wa wimbi, kisha uzidishe kwa pai. Jibu tuliite mwinuko. Jirani huota ikiwa mapigo yake yanatofautiana na ya wimbi kuu kwa sehemu isiyozidi mwinuko mara kipeuo cha pili cha 2, na anayeota haraka kuliko wote ni yule ambaye tofauti yake inalingana na mwinuko wenyewe. Huyo, kila wimbi moja linapopita, huzidishwa kwa namba e (2.718 hivi) iliyopandishwa kwenye kipeo cha pai mara mraba wa mwinuko.

Tuyaweke mawimbi ya Feltham humo, kwa vimo nilivyojichagulia mwenyewe ili tuone tabia ya hesabu. Wimbi la mita 2.2 katika maji ya kina kirefu huchukua karibu sekunde 1.19, na nishati yake husafiri karibu sentimita 93 kwa sekunde. Mita 60 ni sekunde 65 hivi, yaani mawimbi kama 55. Ikiwa kimo ni sentimita 7, mwinuko ni 0.1, na jirani hukua asilimia 3 na kitu kwa kila wimbi. Kidogo? Ni riba juu ya riba, na waliowahi kuangukia mikopo ya kausha damu hawahitaji maelezo: mwisho wa mita 60 jirani amekua zaidi ya mara 5. Ongeza kimo kifike sentimita 10 na nusu tu. Mwinuko unakuwa 0.15, ukuaji unafikia asilimia 7 kwa wimbi, na mwishoni jirani amekua karibu mara 47. Aliyeanza akiwa sehemu moja ya mia ya wimbi kuu, asiyeonekana kwa jicho, sasa anakaribia nusu yake. Hapo hesabu rahisi inaacha kuaminika, lakini kwa macho msafara umekwisha.

Sentimita tatu na nusu za kimo ndizo zinazotenganisha kutetereka na kusambaratika. Nikiwa na nafasi ya kufundisha jambo moja tu kuhusu mawimbi yasiyo ya mstari, ningefundisha hilo.

Kina nacho kina kauli. Kundi la mawimbi linapopita juu ya maji haba, husukuma chini yake mkondo wa polepole unaopinga ule mkusanyiko wa nishati. Benjamin mwenyewe, na mwanahisabati Gerald Whitham kwa njia yake, walipata mwaka 1967 mpaka wa jambo hili: zidisha kina kwa mara mbili ya pai, ugawe kwa urefu wa wimbi, jibu likizidi 1.363 msafara huvunjika, likipungua majirani hawaoti. Kwa maneno mengine, kina cha mpaka ni takriban asilimia 22 ya urefu wa wimbi. Kwa Feltham ni sentimita 48, na tangi lilikuwa na mita 7.6. Hakukuwa na matumaini yoyote.

Benjamin na Feir hawakuwa peke yao. Whitham na mwanahisabati mwenzake James Lighthill walikuwa wamekwisha kuona mwaka 1965, kila mmoja kwa hesabu yake, kwamba milinganyo ya misafara inayobadilika polepole inageuka na kuwa ya aina isiyotabirika vizuri. Mwaka 1968 Vladimir Zakharov, katika Urusi ya Kisovieti, aliukunja mwendo wote wa maji kuwa mlinganyo mmoja mfupi unaoeleza jinsi kundi la mawimbi linavyopumua. Mlinganyo huo huo unahudumia mwanga ndani ya nyuzi za kioo.

Na mlinganyo wa Zakharov ulileta jambo ambalo kichwa cha makala ya 1967 hakikulisema. Mwaka 1977 Lake, Yuen na wenzao walichapisha majaribio ya tangini ambamo waliufuata msafara hata baada ya kuvunjika. Ulijirudi. Majirani waliokuwa wamechota wakarudisha, vilele vikajipanga tena karibu kama mwanzo, kisha mchezo ukaanza upya. Mawimbi yenye mwinuko mkubwa hayakurudi kikamilifu: nishati ilibaki kwa jirani wa polepole. Lakini kwa yale ya wastani neno “kusambaratika” lilikuwa limepita kiasi. Nakiri kwamba sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Picha ya pili ya Feltham inaonekana kama mwisho, kumbe huenda ni katikati.

Mpaka hapa mhandisi ametosheka. Ana majaribio, ana fomula, ana kina cha mpaka. Mwanahisabati bado. Kila hesabu niliyoitaja ilianza kwa kurahisisha: mawimbi madogo, mtikisiko wa polepole, vipande vya juu vimetupwa. Milinganyo kamili ya maji, ile ya Euler yenye uso huru unaojongea, haikuguswa. Je, wimbi kamili la Stokes, kwa milinganyo kamili, lina mtikisiko unaokua? Swali linasikika kama la mtu mbishi. Ila historia ya somo hili imejaa makadirio yaliyokubalika kwa miaka mingi, kisha yakaonekana kuwa yalikuwa yakieleza makadirio yenyewe na si maji.

Jinsi ya kulijibu ni hivi. Kila mtikisiko wa msingi una namba yake changamano. Sehemu halisi ya namba hiyo husema unakua au unafifia, sehemu ya kudhania husema unapiga mara ngapi. Zikusanye namba zote uzichore kwenye karatasi. Zikilala zote juu ya mstari wa wima unaopita sifuri, hakuna kinachokua. Moja ikitoka nje ya mstari, hata iwe kwa umbali mdogo kiasi gani, wimbi si thabiti. Ugumu uko sifurini penyewe. Mtikisiko wenye urefu sawa na wimbi hutoa sifuri iliyorudiwa mara nne, fundo moja la namba nne zilizoshikana. Ukiurefusha mtikisiko kidogo, fundo hufunguka: namba mbili hubaki kwenye mstari, na swali ni kama zile nyingine mbili zinatoka, moja kulia na moja kushoto. Kufungua fundo la namna hiyo bila kukata uzi ni kazi.

Mwaka 1995 Thomas Bridges na Alexander Mielke walilifungua kwa maji yenye sakafu, yaani ambayo kina chake kina kikomo. Mwaka huo huo Benjamin alifariki. Njia yao haikuweza kuvuka hadi maji yasiyo na sakafu, kwani huko namba nyingine husongamana hadi kwenye sifuri na nafasi waliyoitegemea hutoweka. Maji yasiyo na sakafu ndiyo ya bahari kuu, na ndiyo ambayo makala ya 1967 ililenga. Ilibidi kungoja mpaka Huy Nguyen na Walter Strauss, ambao uthibitisho wao ulichapishwa mwaka 2023 baada ya kuonekana kwa mara ya kwanza mwaka 2020. Kisha Waitaliano watatu wa Trieste, Massimiliano Berti, Alberto Maspero na Paolo Ventura, walikwenda mbali zaidi mwaka 2022. Hawakuonyesha tu kwamba namba zinatoka kwenye mstari. Walionyesha njia yote zinayopita. Ukiurefusha na kuufupisha mtikisiko, namba huchora umbo la tarakimu 8, kiuno chake kikiwa kwenye sifuri. Bernard Deconinck na Katie Oliveras walikuwa wamekwisha kuliona umbo hilo kwenye kompyuta mwaka 2011, jijini Seattle. Sasa 8 ile ilikuwa na uthibitisho.

Mtu wa bahari atauliza swali la haki: ikiwa misafara huvunjika, mbona mawimbi ya dhoruba za mbali hufika? Mwaka 1966, mwaka mmoja kabla ya makala ya Benjamin na Feir, kundi la Snodgrass na Munk lilichapisha ripoti ya mawimbi yaliyofuatiliwa kutoka dhoruba za bahari ya kusini, kupitia vituo vya Pasifiki, hadi Alaska. Hayakusambaratika njiani. Sehemu ya jibu ni mwinuko: wimbi refu lililokwisha safiri huwa limetandaa, na mraba wa namba ndogo ni namba ndogo mno. Sehemu nyingine ilitolewa mwaka 2005 na Harvey Segur, Diane Henderson na wenzao. Walionyesha, kwa hesabu na kwa tangi, kwamba msuguano wa aina fulani, hata uwe hafifu kiasi gani, huweka kikomo kwa ukuaji wa majirani. Riba inaendelea lakini mtaji unaliwa. Na bahari ya kweli haina wimbi kuu moja. Ina mchanganyiko, na mchanganyiko mpana huwanyima majirani ule utulivu wanaouhitaji.

Kwa hiyo napendekeza tahadhari kila unaposoma kwamba kisa hiki ndicho kinachoeleza mawimbi majitu ya baharini. Wimbi la jukwaa la gesi la Draupner, lililopimwa katika Bahari ya Kaskazini tarehe 1 Januari 1995, lilikuwa na kimo cha mita 25.6 huku mawimbi makubwa yaliyolizunguka yakiwa na wastani wa mita 12 hivi. Lilihusishwa na Benjamin na Feir kwa miaka mingi. Mwaka 2016 Francesco Fedele na wenzake walilichambua pamoja na mengine mawili na kuhitimisha kwamba hayahitaji maelezo hayo: vilele vya kawaida vilivyokutana mahali pamoja, pamoja na ile tabia ya Stokes ya kuchongoka, vinatosha. Tangini mambo ni mengine. Mwaka 2011, huko Hamburg, Amin Chabchoub na wenzake walitengeneza wimbi linaloinuka mara tatu ya wenzake na kutoweka, kama Howell Peregrine alivyotabiri mwaka 1983. Hilo ni zao halali la majirani. Ila tangi la mawimbi ya sentimita moja yaliyopangwa na kompyuta si Bahari ya Kaskazini usiku wa dhoruba.

Limebaki suala la kina. Wanafunzi huuliza: “Mwalimu, je, tungepunguza maji ya Feltham hadi sentimita 40?” Kwa miaka mingi jibu lilikuwa rahisi, kwamba tuko chini ya mpaka na msafara utafika. Kompyuta za Deconinck na Oliveras zililiharibu jibu hilo. Mbali na kiuno cha 8, juu na chini kwenye mstari wa wima, walikuta viduara vyembamba, visiwa vya namba zilizotoka nje ya mstari, na vilikuwepo hata chini ya 1.363. Mwaka 2024 kundi la Trieste lilithibitisha kwamba visiwa hivyo ni vingi visivyo na idadi, na katika kazi nyingine kwamba hata kwenye kina cha mpaka chenyewe wimbi si thabiti. Kwa hiyo katika sentimita 40 majirani wa Benjamin na Feir kweli hawapati kitu. Wanaopata ni wageni, mitikisiko ambayo urefu wake hauna ujirani wowote na msafara, na kila mmoja hutaka kipimo chake kamili: ukikikosa kwa kidogo tu, kisiwa kimekupita na maji yanaonekana shwari.